Kima mngurumaji wa Brazil na homa ya manjano: nani anamwambukiza nani?

Mwisho wa mwaka 2016 homa ya manjano ililipuka kusini-mashariki mwa Brazil. Ilianzia jimbo la Minas Gerais, ikaingia Espírito Santo, ikafika Rio de Janeiro na São Paulo, na mpaka inakuja kupoa katikati ya 2018 watu zaidi ya 2,000 walikua wameugua na zaidi ya 700 wamekufa. Wengi walikua hawajachanjwa kwa sababu maeneo mengi ya upande ule yalikua yanahesabiwa kuwa hayana huo ugonjwa. Na kabla watu hawajaanza kujaa hospitali, kima walikua washaanza kudondoka kutoka kwenye miti, tena sio mmoja wawili, ni kundi zima linaisha ndani ya wiki chache.

Sasa mtu wa kawaida akiona hivo anapiga hesabu ya harakaharaka: kima wamekufa, afu watu wakaumwa, basi kima ndo wameleta. Kilichofuata ni rungu, mawe, risasi na sumu. Jimbo la Rio wataalamu wa mifugo waliokua wanapasua mizoga ili wapime virusi walikua wanakutana na kima wengi tu ambao hawakufa na homa kabisa, wamevunjwa fuvu au wameungua au wamelishwa sumu. Jambo lilelile lilishatokea kusini zaidi, jimbo la Rio Grande do Sul, mwaka 2008 na 2009.

Hiyo hesabu imekosewa, na imekosewa kwa namna ambayo inaumiza watu pia, sio kima peke yake. Lakini kuelezea kwanini imekosewa inabidi tuzunguke kidogo, tupite Afrika, tupite Uganda, afu turudi kule juu kabisa kwenye matawi ambako hii stori inachezwa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Wabrazil wa kusini wanamuita bugio, kwa jina la kitaalamu ni Alouatta guariba, kima mngurumaji wa kahawia. Anaishi kwenye Msitu wa Atlantiki, ule msitu wa mvua ulioko pembeni ya bahari ya Brazil, mpaka kona ya Misiones ndani ya Argentina. Sio mkubwa sana, dume lina kilo 5 mpaka 7 hivi, manyoya yanaanzia kahawia mpaka wekundu wa kutu, ana ndevu nzito na mkia ambao kwa chini huku mwishoni hauna manyoya, ngozi tupu, anashikia tawi nao kama mkono wa tano (ndio, mkono wa tano, maana miguu yake nayo inashika). Chini ya kidevu kuna mfupa wa kooni ambao kwa wanyama wengi ni kitu kidogo tu cha kushikilia ulimi, kwake umevimba ukawa na uwazi mkubwa ndani, sauti ikipita pale inakua nzito kama mtu anaongelea ndani ya mtungi. Asubuhi madume yakianza kuunguruma unasikia kilomita kadhaa, na mtu asiyejua anaweza kuapa kuna simba. Kazi ya kelele zote hizo ni kuwaambia makundi jirani sisi tuko hapa, tusisumbuane, maana kupigana kunakula nguvu na huyu mnyama nguvu hana za kuchezea. Anakula majani. Majani yamejaa kila mahali ila yana chakula kidogo na yanachukua muda kuchachuka tumboni, kwahiyo sehemu kubwa ya siku yake amelala kwenye tawi anasubiri tumbo limalize kazi.

Hilo la majani lina maana kubwa kwenye stori yetu. Msitu wa Atlantiki umekatwa mpaka imebaki kama asilimia 12 tu ya ulivyokua, na hiyo yenyewe ni vipande vipande katikati ya mashamba ya kahawa, malisho ya ng'ombe na miji. Kima anayetegemea matunda mengi anapata shida kwenye kipande kidogo. Bugio anavumilia, majani si yapo. Kwahiyo amebaki akiishi nyuma ya nyumba za watu, anasikika, anaonekana, na akifa anafia mahali ambapo watu wanamuona. Kwenye Amazon huko ndani kima anaweza kufa msitu mzima na asijue mtu.

Haya, sasa virusi. Homa ya manjano asili yake ni Afrika. Na kima wa Amerika nao asili yao ni Afrika, na hapa ndo mimi naona utamu wote wa hii habari upo. Wazee wao walivuka Atlantiki zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayakubali ni kwamba walivuka juu ya vipande vya ardhi na miti vilivyong'olewa na mito vikasukumwa baharini, kipindi ambacho bahari ilikua nyembamba kuliko leo. Wakafika, wakazaana, wakawa kina bugio, kina kima buibui, wale tamarini wadogo na wengine wote. Virusi vyenyewe vilikuja kuvuka juzi tu. Ukilinganisha jenetiki za virusi vya Amerika na vya Afrika Magharibi inaonekana viliachana kama miaka 300 mpaka 400 iliyopita, yaani kipindi cha meli za watumwa. Mbu aina ya Aedes aegypti alikua anataga kwenye mapipa ya maji ya kunywa humo humo melini, wagonjwa wapo, mbu wapo, safari ni wiki nyingi, ugonjwa unazunguka humo ndani mpaka meli inatia nanga. Brazil mlipuko wa kwanza unaojulikana ulitokea Recife mwaka 1685.

Kwahiyo kima walitangulia, wakakaa mamilioni ya miaka bila kukutana na hicho kirusi hata siku moja, afu ghafla kikawafuata. Kima waliobaki Afrika wao wameishi nacho muda mrefu zaidi. Matokeo yake kima wa Kiafrika akiumwa na mbu mwenye virusi, mara nyingi damu yake inakua na virusi kwa siku chache, kinga inapanda, virusi vinaisha, na anabaki na kinga maisha yake yote. Hata dalili huoni. Bugio akiumwa na mbu huyohuyo, mara nyingi anakufa.

Mengi tunayoyajua kuhusu upande wa Afrika yalifanyiwa kazi hapa jirani, Uganda. Mwaka 1936 taasisi ya Rockefeller ya Marekani ilianzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano pale Entebbe, ndio kile ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mmoja wa wataalamu wake, Alexander Haddow, alikua na swali dogo tu, mbu gani anauma nani, saa ngapi, na kwa urefu gani kutoka ardhini. Wakajenga majukwaa kwenye miti ya msitu wa Bwamba, watu wanakaa juu masaa 24 kwa zamu, mbu akitua kwenye ngozi anakamatwa na kichupa, inaandikwa saa na urefu. Kazi ya kuchosha hiyo. Ila ikatoa picha safi: juu kwenye matawi jioni jua likizama kuna mbu anaitwa Aedes africanus ambaye anauma kima pale wanapolala, ugonjwa unazunguka huko juu bila binadamu yeyote kuhusika. Afu mchana kima wanashuka kuiba ndizi mashambani, na kule shambani kuna mbu mwingine anayezaliana kwenye maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Huyo wa shambani anamuuma kima mwizi, afu anamuuma mwenye shamba. Basi. Hakuna mahali kima kamuambukiza mtu moja kwa moja, kila hatua kuna mbu katikati. Na ni utafiti huohuo wa homa ya manjano ndo mwaka 1947 ulikuja kukamata kirusi kipya kabisa kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, kutoka kwa kima wa Kiasia aliyewekwa kizimbani juu ya mti kama chambo, maana Asia haina homa ya manjano na kima wake wanaugua haraka. Ndio Zika hiyohiyo iliyokuja kutikisa Brazil 2015. Lakini hiyo ni stori nyingine.

Turudi Brazil. Mwanzoni mwa karne iliyopita watu walidhani wameshaimaliza kazi. Carlos Finlay wa Cuba alishasema tangu 1881 kwamba mbu ndo anabeba, Wamarekani wakiongozwa na Walter Reed wakathibitisha mwaka 1900, na Rio de Janeiro daktari Oswaldo Cruz akaanza mwaka 1903 kupeleka vikosi nyumba kwa nyumba kumwaga maji yaliyotuama na kufukiza. Ugonjwa ukashuka. Akili ya wakati ule ilikua ukimuua Aedes aegypti mjini umemaliza ugonjwa wote. Afu mwaka 1932 kwenye bonde moja la mashamba huko Espírito Santo watu wakaumwa homa ya manjano na Aedes aegypti hayupo kabisa, wanatafuta kwenye kila pipa, hakuna. Ndo ikaeleweka kirusi kimeshatorokea msituni, kimepata mbu wengine na wanyama wengine, na hakirudi tena ndani ya chupa.

Mbu wenyewe ni hawa wanaoitwa Haemagogus na Sabethes. Ukimuona Haemagogus kwa karibu hutaamini ni mbu, sio yule wa kijivu tuliyemzoea, huyu ana rangi ya bluu na zambarau inayong'aa kama chuma kilichopigwa rangi, na anauma mchana kweupe. Makazi yake ni juu, anataga kwenye mashimo ya miti na vikonyo vinavyoshika maji ya mvua, na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi yote ya kiangazi yakisubiri mvua, na mengine yanazaliwa na virusi tayari ndani. Daktari Jorge Boshell wa Colombia aliona kitu ambacho kwa mimi kinaelezea kila kitu: wakata miti wanaangusha mti mkubwa, mti unafika chini na mara wanazungukwa na wingu la mbu wa bluu. Mbu wa juu wameletwa chini pamoja na mti wao. Ndo maana hadi leo wagonjwa wengi Brazil ni wanaume watu wazima, wakulima, wakata miti, wawindaji, watu wa kuvua samaki mtoni, yaani watu ambao kazi yao inawaingiza msituni au pembeni ya msitu mchana. Ugonjwa wa kusambaa mjini mtu kwa mtu kupitia Aedes aegypti haujaonekana tena Brazil tangu 1942. Hata ule mlipuko mkubwa wa 2016 mpaka 2018, uliofika mpaka mlangoni mwa São Paulo, vipimo vya jenetiki vilionyesha ni maambukizi ya msituni yanayomwagika kwa watu mara nyingi nyingi, sio mtu kumpa mtu mwenzake mjini.

Kwa bugio mwenyewe inakwenda hivi. Mbu anamuuma, virusi vinazaliana, vinakwenda kwenye ini na kuliharibu vibaya, damu inaacha kuganda. Mnyama ambaye kwa kawaida hashuki ardhini labda kuvuka kutoka kipande kimoja cha msitu kwenda kingine, unamkuta amekaa chini ya mti, kichwa kimeinama, haogopi mtu, hakimbii mbwa. Haungurumi. Ndani ya siku chache, wiki hivi, amekufa. Na kwa sababu wanalala pamoja kwenye tawi moja na mbu wanapita kutoka mmoja hadi mwingine, kundi lote linaweza kuisha, jike, dume na watoto.

Sasa angalia hapo kwa makini, maana hapa ndo watu wanapochanganya. Kirusi kinahitaji kupita. Bugio damu yake ina virusi kwa siku chache tu afu anakufa, na mzoga haumlishi mbu. Mbu yeye akishapata virusi inachukua siku kadhaa vifike kwenye mate yake, ila vikishafika anabaki navyo mpaka anakufa yeye, na wengine wanaweza kuruka umbali wa zaidi ya kilomita 10. Kwahiyo anayeweka ugonjwa hai na kuusafirisha ni mbu zaidi kuliko kima. Bugio ni kuni tu, ugonjwa ukipita kwenye msitu wenye bugio wengi wasio na kinga unawaka, wakiisha unazima pale na kusogea mbele. Ule wa 2016 ulitoka pande za Amazon, ukapita katikati ya nchi, ukashuka kusini-mashariki, na miaka iliyofuata ukaendelea Paraná, Santa Catarina mpaka Rio Grande do Sul, unafuata mistari ya misitu iliyobaki. Wabrazil wanajua tabia yake, inakuja kwa mawimbi, baada ya miaka 7 mpaka 10 hivi, kima wapya wakishazaliwa wa kutosha wasiokua na kinga.

Je ukimgusa kima mgonjwa unaambukizwa? Kumpita njiani au kukaa naye msitu mmoja hakukupi chochote. Ila damu mbichi ni habari nyingine. Miaka ya 1920 watafiti kadhaa waliugua wakiwa wanashughulika na kima walioambukizwa maabara, na Adrian Stokes alifia Lagos mwaka 1927 katika utafiti huohuo, kwahiyo mzoga unaachiwa wenye glovu na vifaa. Usiubebe, usiuzike, piga simu tu.

Na hiyo simu ndo kitu chenyewe. Tangu 1999 Brazil imeweka utaratibu kwamba kifo cha kima ni taarifa ya afya, kinatakiwa kuripotiwa haraka, ndani ya masaa 24. Timu inakuja, inachukua vipande vya ini na viungo vingine, inapeleka maabara. Kuna hadi programu ya simu ya Fiocruz, taasisi ya utafiti wa afya ya Brazil, inaitwa SISS-Geo ambayo mkulima au mtalii anapiga picha ya kima aliyekufa, mahali panajirekodi penyewe, wataalamu wanaona. Ini likionyesha virusi, manispaa ile inaanza kuchanja kabla hajaugua mtu hata mmoja. Oktoba 2017 alipatikana bugio amekufa ndani ya Horto Florestal, hifadhi iliyoko ndani ya jiji la São Paulo kabisa, vipimo vikasema ni homa ya manjano, hifadhi ikafungwa na watu wa mitaa ya jirani wakapanga foleni za chanjo. Jiji la mamilioni ya watu lilipata onyo kutoka kwa kima mmoja aliyekufa, na hakuna mashine yoyote ya serikali iliyotoa hilo onyo mapema hivo.

Kwahiyo unapochukua rungu ukaua kima wazima wa eneo lako umefanya nini? Mbu wenye virusi wako palepale, hujawagusa. Ugonjwa ukifika hakuna wa kudondoka kwanza ukajua, utajua siku jirani yako amegeuka macho ya njano. Na wale wachache walionusurika wakapata kinga umewaua pia, nafasi yao inachukuliwa na wasio na kinga. Tena hata mzoga uliopigwa rungu unawachanganya watu wa maabara, lazima waupime wajue kafa kwa nini wakati kuna mingine inayosubiri. Profesa Júlio César Bicca-Marques wa Porto Alegre, ambaye amekua akiwafuatilia bugio miaka mingi, baada ya yale mauaji ya 2008 na 2009 alianzisha kampeni ya kuwaambia watu hawa ni malaika wao walinzi, wawalinde. Mimi ningesema tu ni walinzi wasiolipwa, lakini jina lake lilishika, magazeti yakalichukua.

Chanjo nayo ina stori inayovuka bahari. Mwaka 1927 Afrika Magharibi, kutoka kwa Mghana mmoja aliyeitwa Asibi, walichukua damu wakamdunga kima wa Kiasia, kima akafa, na hicho kirusi kikahifadhiwa. Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria aliyekua akifanya kazi New York, akakikuza kwenye tishu mara nyingi nyingi mpaka kikapoteza makali, mwaka 1937 ikatoka chanjo inayoitwa 17D, na mwaka 1951 akapewa Nobel. Mpaka leo ni chanjo ileile. Brazil inaitengeneza yenyewe tangu mwaka huohuo wa 1937. Ndiyo inayokupa ile kadi ya njano unayodaiwa airport, sindano moja, siku 10 kabla ya safari, na tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ya maisha. Tatizo la 2018 lilikua dozi hazitoshi kwa majiji makubwa kama yale, kwahiyo wakatumia sehemu ya tano ya dozi, mililita 0.1 badala ya 0.5. Na hiyo mbinu hawakuianzisha wao kwa ukubwa huo, ilishafanyika Kinshasa Agosti 2016 ugonjwa ulipotoka Angola ukaingia Kongo, mamilioni ya watu wakachanjwa ndani ya siku chache kwa dozi ndogo.

Na kwa wale wanaodhani huku kwetu hii ni habari ya vitabuni, Kenya ilipata mlipuko bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, na Machi 2022 serikali ikatangaza mlipuko mwingine Isiolo. Tofauti ni kwamba huku hutaona kima wakidondoka kukupa taarifa. Kima wetu wananyamaza, wanapona, na sisi tunakuja kujua kwa wagonjwa. Kwa mtu wa afya ya jamii hiyo ni hasara kubwa tu.

Kilichobaki ni hasara ya bugio wenyewe, na hii imeandikwa vizuri kwa sababu kuna watu walikua wanawahesabu tangu zamani. Karibu na Caratinga, Minas Gerais, kuna msitu mdogo wa binafsi ambako Karen Strier, mtaalamu wa Kimarekani, amekua akifuatilia aina nyingine ya kima, muriki, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanzoni mwa 2017 bugio wa msitu ule, ambao walikua mamia, karibu wote wakapotea ndani ya muda mfupi, asubuhi zikawa kimya. Muriki wa msitu huohuo, wanaokula miti ileile na kuumwa na mbu walewale, walipungua kidogo tu. Kapuchini, aina nyingine ya kima wa huko, nao wanaambukizwa ila wengi wanapona. Yule tamarini mdogo wa rangi ya dhahabu wa Rio, ambaye dunia nzima ilishatumia miaka kumuokoa, alikua kama 3,700 mwaka 2014, hesabu ya 2018 ikakuta kama 2,500, ingawa baadaye alipanda tena na hesabu iliyotolewa 2023 ikafika kama 4,800. Kwahiyo "kima wa Amerika wanakufa na homa ya manjano" sio kauli sahihi sana, kila aina ina namna yake, na bugio yuko mwisho kabisa wa mstari. Argentina kwenye hifadhi ya El Piñalito, Misiones, wimbi la 2008 na 2009 lilipita kwenye makundi ambayo watafiti walikua wanayajua kima mmoja mmoja, na walibaki bila kitu cha kufuatilia.

Kinachomuokoa mnyama kama huyu baada ya wimbi ni wachache waliosalia waweze kukutana, na hapo vile vipande vya msitu vinamgeuka. Majani yapo ya kutosha kwenye hekta zake chache, lakini kundi likiisha kwenye kipande kilichozungukwa na malisho hakuna jirani wa kuja kujaza nafasi, maana kushuka na kuvuka shamba la wazi ni mbwa, ni magari, ni nyaya za umeme. Msitu mkubwa ungejijaza wenyewe taratibu.

Ndo maana kumekua na wazo la kuwarudisha kwa mkono. Hifadhi ya Tijuca, ule msitu ulioko katikati ya Rio chini ya ile sanamu ya Yesu, bugio walikua wametoweka kwa zaidi ya miaka 200, wakarudishwa 2015, na muda si mrefu watafiti wakaona hata mbawakavu wa mavi wamepata kazi mpya, wanafukia mbegu zinazotoka kwenye kinyesi cha bugio, mbegu ambazo zamani zilikua zinaozea chini ya mti mama. Afu homa ikaja ikasimamisha mpango, huwezi kumuachia mnyama wa namna hii msituni wakati wimbi linapita. Kwenye kituo cha primati (jamii ya kima) cha jimbo la Rio wakajaribu kuwachanja bugio kwa ileile 17D ya binadamu, dozi ndogo, wakatengeneza kinga bila kuugua. Tamarini wa dhahabu nao walishaanza kuchanjwa porini, mamia yao, wananaswa kwenye mitego ya ndizi, wanadungwa, wanaachiwa.

Kwa bugio wa porini ni ngumu zaidi. Haingii mtego wa ndizi kirahisi, mla majani unamvutia na nini? Inabidi umpige sindano ya usingizi akiwa mita 15 au 20 juu, umdake na wavu asivunjike, umchanje na dozi iliyobebwa kwenye barafu, usubiri azinduke, na ukimaliza kundi hilo kuna mengine mengi kwenye vipande ambavyo mwenye shamba hajakupa hata ruhusa ya kuingia. Chanjo ya kuweka kwenye chakula kwa ajili ya huu ugonjwa haipo. Kwahiyo wanaochanjwa kwa sasa ni wale waliozaliwa au kutibiwa vituoni na wanaandaliwa kurudishwa msituni, na wengine wote wanasubiri wimbi lijalo wakiwa kama walivyo.